Soksi za Kubana na Shamba la Mama

Kila asubuhi, nikishaswali alfajiri, nalala chali kitandani na kuegemeza miguu ukutani. Nakaa hivyo mpaka mguu wa kushoto uwe mwepesi, halafu naanza vita. Navaa glavu za mpira, zile za kuoshea vyombo, naishika soksi na kuivuta kidogo kidogo, naisukuma juu kwa viganja, kifundo, muundi, goti, huku jasho likinitiririka na jua la Garsen halijachomoza vizuri. Mtu akinisikia kutoka nje atadhani nimemkamata mbuzi asiyetaka kuchinjwa. Soksi ikifika mahali pake nanyanyuka, najifunga leso, natoka.

Soksi ni neno la heshima tu. Kitu chenyewe ni kizito, kigumu, hakina vidole mbele, na rangi yake ni ya ngozi ya mtu ambaye hajawahi kupigwa na jua la Tana River hata siku moja. Kinabana mpaka mara ya kwanza nilimuuliza nesi kama hajanipa ya mtoto. Alicheka. Akasema ikiwa rahisi kuvaa, basi si yenyewe. Faida moja niliyoiona siku hiyohiyo ni kwamba mbu hawawezi kuipenya.

Navaa kwa sababu ya mama yangu. Yeye mishipa ilianza kumvimba akiwa bado kijana, ikajikunja nyuma ya miguu kama mizizi, na kwetu hakuna aliyeshtuka maana wanawake wengi wanayo. Baadaye ngozi ya kifundo ikawa nyeusi na kung'aa. Siku moja mwiba ulimkwaruza pale peusi, mkwaruzo mdogo tu, ukageuka kidonda kilichokataa kupona. Tulikiosha, tukakifunga, tukakitia kila tulichoambiwa. Mama akaishia kwenye mkeka mlangoni, mguu umefungwa kitambaa, nzi wakimzunguka.

Alikuwa na mashamba mawili kando ya mto. Lile kubwa alimwachia jamaa alilime msimu mmoja tu, mpaka apate nafuu. Msimu ule ukapita na mguu haukupona, ukaja mwingine, na mwingine. Hakuna aliyemnyang'anya mtu kitu wala kumtolea mtu sauti. Ila polepole watu wakaanza kuliita lile shamba kwa jina la yule aliyelilima, na sisi wenyewe tukajikuta tunaliita hivyohivyo. Mama pale mlangoni alimuuliza kila aliyepita akitoka mtoni, "Shamba langu likoje?" Nao walimjibu kwa adabu, "Liko vizuri, mama." Na kweli lilikuwa vizuri. Alikufa akiwa bado anauliza.

Lile dogo alinipa mimi, mdogo wangu wa kiume akiwa amekaa palepale anasikia. Kwetu mtoto wa kike kupewa shamba ni jambo la kukumbushwa watu kila msimu, na njia ya kuwakumbusha ni moja tu, kulilima. Ndiyo maana nilipoona kifundo changu cha kushoto kinaanza kuwa cheusi na kuwasha, nilikaa chini nikalia. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu niliuona ule mkeka.

Nilipomaliza kulia nikapiga moyo konde nikaenda Malindi. Daktari alinipaka mafuta ya baridi mguuni, akapitisha kifaa chake, akanionyesha mshipa kwenye televisheni yake. Akasema ndani ya mshipa mna vimilango vinavyozuia damu isirudi chini, na vyangu havifungi tena. Alitaka kunichorea picha nikamwambia asijisumbue. Nimezaliwa Bura, kabla hatujahamia Garsen, baba yangu alikuwa mkulima wa skimu ya kumwagilia, nimecheza kwenye mifereji mpaka nikachapwa. Najua lango la mfereji likioza maji yanakwenda yanakotaka, na shamba la chini linageuka bwawa. "Ndivyo hasa," akasema daktari, akauchoma mshipa ule kwa ndani ukaziba, damu itafute njia nyingine yenye milango mizima.

Nilitoka pale kwa miguu yangu mwenyewe siku hiyohiyo. Nesi akanipa masharti: soksi nivae mchana kutwa mpaka wao waseme basi, nitembee kila siku, nisisimame mahali pamoja kwa muda mrefu, nisikae miguu inaning'inia, na nikipumzika niinue mguu juu. Nikamuuliza kuhusu shamba. Akaniambia daktari atanitazama tena kabla ya kupanda, lakini yote yanategemea soksi. Damu ikiendelea kulala pale kifundoni, weusi utafanya kazi yake.

Nyumbani hakuna aliyeniamini. Kwetu mgonjwa hulala. Ukitoka hospitali ukaonekana unatembea kwenda sokoni na kurudi bila kununua kitu, watu wanafikiri dawa imekupanda kichwani. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ambaye ninaishi naye, amekanda wazazi wa mtaa mzima kwa maji ya moto, na wote walipona, basi kwake hakuna mwili usiotaka kukandwa. Nilimkuta amekwisha kuinjika sufuria kubwa na majani ya mwarobaini ndani yake.

"Lete mguu," akasema.

"Shangazi, nimekatazwa maji ya moto."

"Umekatazwa na nani? Huyo daktari wako amezaa?"

"Mguu huu ni wangu, na maji hayo nitaogea yakipoa."

Alininunia siku nzima. Nampenda shangazi, lakini kuna wakati kumpenda mtu ni kumwacha anune.

Mdogo wangu alinitembelea siku chache baadaye. Alikuja na samaki, akamsalimia shangazi, akauangalia mguu wangu kwa huruma ya kweli. Ni mtu mwema, na hilo ndilo lililonitia hofu. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya.

"Dada," akaniambia, "mwaka huu usijisumbue. Shamba lako nitalipanda mimi. Wewe pumzika, upone kwanza."

"Nitapanda mwenyewe."

"Kwa mguu huo?"

"Kwa mguu huu huu."

"Msimu mmoja tu, dada. Kuna ubaya gani?"

Yalikuwa maneno yaleyale ya shamba kubwa la mama. Nikainuka kumtilia chai. Akaondoka akidhani nimekubali.

Basi nikafunga kibwebwe. Nikawa natembea kila asubuhi mpaka kwenye tuta la mto na kurudi. Wenye pikipiki stendi wakazoea kunitania, "Mama, panda, leo ni ya bure," nami nikawajibu kwamba pikipiki haikuandikwa na daktari. Joto la mchana lilinifanya nitamani kuichukua hiyo soksi niitupe mtoni mamba waivae. Mguu ulifanya ukurutu, nyuma ya goti palichubuka. Sikuitupa.

Na bado mguu ukavimba. Jioni nilipobonyeza muundi kwa kidole, shimo lilibaki. Nikatazama kifundo, nikaona ule weusi umekolea kuliko ulivyokuwa, au labda ilikuwa taa. Nikawaza kwamba milango yote imeoza, hakuna tena njia ya damu kupita, na mdogo wangu amekwisha kuotesha miche ya kutosha mashamba mawili, maana niliambiwa na watu waliopita kwake. Nikampigia nesi simu.

"Unaivaa soksi mama?"

"Naivaa tangu asubuhi."

"Na huivui mpaka jioni?"

"Siivui kabisa. Navua tu nikitaka kutia udhu."

"Unatia udhu mara ngapi?"

"Kila sala. Ila alfajiri huwa sijaivaa."

"Na ukiivua unaivaa tena saa hiyohiyo?"

Ukweli ni kwamba kuivaa ile soksi ni kazi ya kumtoa mtu roho. Adhuhuri nilikuwa naivua, natawadha, naswali, kisha nakaa pembeni yake nikitafuta nguvu za kuanza upya, na mara nyingi nguvu zilikuja alasiri ikiadhiniwa. Magharibi sikuirudisha kabisa. Nilipojumlisha kichwani, mguu ule ulikuwa uchi nusu ya siku, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa saa ya joto kali, nimesimama jikoni. Nilikuwa nafunga lango la mfereji na kulifungua mwenyewe.

"Mimi ni Mkristo mama, mambo ya udhu siyajui," nesi akasema. "Ninachojua ni kwamba ukiivua hivyo mguu utaharibika. Kaulize watu wako."

Niliona aibu, tena aibu ya aina mbili. Sikutaka kumkosea Mungu kwa ajili ya soksi, na sikutaka kuonekana natafuta njia ya mkato. Nyuma ya duka la nguo la mama mmoja Msomali pale sokoni kuna chumba tunachoswalia sisi wanawake, na siku iliyofuata, adhuhuri, nilikuwa nimekaa humo nikihangaika kuivua soksi, machozi yananilenga. Mwenye duka akaingia na birika la maji, akanitazama.

"Wewe mama, hii kitu kila siku napigana na wewe namna hii?"

"Nitafanya nini? Lazima nioshe mguu."

"Hii si soksi ya daktari?"

"Ni ya daktari."

"Mtu yangu alivunjika mkono, akafungwa plasta. Kwani alivunja plasta kila sala? Nenda uliza mwalimu ya dini. Mimi nauza nguo tu."

Nilikwenda kwa mwalimu wa madrasa anayetufundisha wanawake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu, kama daktari amesema kuivua kutanidhuru. Nikasema nesi wake amesema, na mguu wenyewe umesema. Akaniambia basi hukumu yake ni ya bandeji: niivae nikiwa na udhu, nikitawadha nioshe vidole vinavyoonekana, nipanguse juu ya palipofunikwa kwa mkono wenye maji, na akanieleza namna ya kutayamamu kwa mchanga safi pamoja na hayo. Nikamuuliza kama sala zangu hazitapungua kitu.

"Mungu hakukutaka uswali ukiwa kilema wa kujitakia," akasema. "Mbona hukuja mapema?"

Tangu utotoni nimefundishwa kwamba maji yafike, yasiache hata doa kavu kisiginoni, na haikunipitia akilini kwamba kuna la kuuliza hapo. Naamini nusu ya wanawake wa Garsen wangefanya kama nilivyofanya.

Nilipopita kumshukuru mwenye duka alinikatia kipande cha kitambaa cha dera, kile laini kinachoteleza. "Tia mguu ndani kwanza, halafu soksi juu," akasema. "Kisha vuta hii kwa vidole, itoke." Nikajaribu palepale. Kisigino kilipita bila matusi, vita vikabaki vya muundi na goti. Nilicheka peke yangu mpaka wateja wakageuka.

Kuanzia hapo mguu ukatulia. Jioni nikibonyeza, ngozi inarudi. Nilirudi Malindi, daktari akapitisha kile kifaa chake, akasema mshipa umeziba vizuri na ngozi inapata nafuu. Nikamuuliza kuhusu kupanda. Akaniruhusu, ila nisisimame tu, nitembee, niinue mguu kila mara, na soksi isiingie matope. Nikanunua gambuti nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Maji ya mafuriko yaliposhuka mashambani, yakiacha tope jeusi linalonata, sikumwambia mtu. Nilitoka asubuhi nikiwa na miche yangu kwenye kapu, jembe begani, soksi mguuni, gambuti juu ya soksi, leso imepandishwa. Wanawake wa mashamba ya jirani walikuwa wamekwisha kuinama. Kwetu kupanda mpunga ni kuinama asubuhi na kuinuka jua likikuunguza, na anayeinuka mapema anaambiwa mvivu. Mimi nilipanda mstari mmoja, nikatoka topeni, nikatembea juu ya tuta mpaka mwisho na kurudi, nikalala chali kwenye majani na kuegemeza gambuti zangu juu ya kapu lililopinduliwa.

"Leo shamba limekuwa wodi?" mmoja akapaza sauti.

"Wodi ya wazazi!" mwingine akaitikia. "Atazaa nini huyu, kambale?"

"Cheka tu," nikamjibu nikiwa nimelala vilevile. "Nikimaliza nitakuja kukukanda."

Nikainuka, nikapanda mstari mwingine, nikatembea, nikalala. Ilikuwa kazi ya kinyonga. Mgongo uliuma, joto ndani ya gambuti lilikuwa la kupikia, na kuna wakati nilitazama palipobaki nikaona ni heri niende zangu nyumbani. Kila nilipowaza hivyo nilimwona mama akinyoosha shingo pale mlangoni amwone anayetoka mtoni. Nikaendelea.

Jua lilikuwa limepanda sana mdogo wangu alipotokea juu ya tuta. Alibeba miche begani, mizigo miwili, amekuja kunisaidia bila kunisumbua. Akanikuta nimelala chali, miguu juu, leso usoni kuzuia jua. Alitupa miche yote akaja mbio.

"Dada! Dada, umeanguka?"

Nikatoa leso usoni. "Nimepumzika. Wewe umekuja kufanya nini?"

Akaangalia ile mistari iliyosimama topeni, kijani, ikiwa imepindapinda kidogo. Akaangalia gambuti.

"Nilisema nitakupandia."

"Ulisema. Na mimi nilisema nitapanda mwenyewe."

"Lakini utaumia, dada. Mimi nataka kukusaidia tu. Unadhani nataka shamba lako?"

Nikakaa. "Hutaki. Najua hutaki. Hata yule jamaa hakulitaka la mama. Mwaka huu utapanda kwa wema, mwaka ujao utapanda kwa sababu mwaka huu ulipanda, na mimi nitakaa mlangoni niulize wapita njia. Ulikuwepo. Ulimsikia mama akiuliza."

Alivua viatu polepole, akakunja suruali. Nikadhani anakasirika. Akaokota ile miche aliyoitupa, akateremka topeni, akasimama nyuma ya mstari wangu wa mwisho.

"Mpaka wako unaishia wapi?" akauliza. "Nionyeshe. Halafu uniambie nianzie wapi."

Nikamwonyesha. Nikamwambia aanzie kushoto, na asibananishe, maana ana tabia hiyo tangu utotoni. Alipanda akinifuata, nami nilipotoka kwenda kulala juu ya tuta alisimama akingoja mpaka nirudi. Wale wanawake waliacha utani. Mmoja alileta maji ya kunywa, akaniuliza kwa sauti ya chini soksi kama hizo zinapatikana wapi, kisha akainua leso yake kidogo akanionyesha mguu.

Tulirudi mchana umekwisha kukatika, mimi mbele natembea, yeye nyuma amebeba kapu na jembe. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni, kwenye mkeka, anachambua mchele. Alimwona mpwa wake ana matope mpaka magotini, akafurahi, akapaza sauti kabla hatujafika.

"Baba, shamba likoje?"

Mdogo wangu aliweka jembe chini. "Muulize mwenyewe," akasema. "Ndiye huyu anatoka huko."